Mahaba ya Mwisho wa Reli: Mwongozo wa Kuandika Riwaya ya Kihistoria ya Mpanda

Ukitaka kuandika riwaya ya mahaba ya kikauboi, usihangaike na Texas. Reli iliyokatiza pori ikaishia mgodini, kambi za wanaume wasio na wake, makundi ya ng'ombe yanayoswagwa kwa wiki kadhaa, serikali iliyo mbali, wageni wanaokutana na wenyeji ambao hawakuwaita: yote hayo yalitokea Mpanda, na yalitokea kwa Kiswahili. Wamarekani wamejenga tawi zima la fasihi juu ya mambo hayo. Sheria yao ya mwaka 1862 iliwaahidi wahamiaji ekari 160 kila mmoja. Owen Wister alitoa The Virginian mwaka 1902, Zane Grey akafuata na Riders of the Purple Sage mwaka 1912, na wachapishaji wao hawajaacha kuuza vitabu vya aina hiyo hadi leo. Sisi tulizitazama filamu zao tangu enzi za mkoloni, tukaokota kofia na bastola. Lililo tamu zaidi tuliliacha: namna watu wawili wasio na ndugu karibu wanavyoanzisha nyumba mahali ambapo jana palikuwa na nyati.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuliokota hilo, ukilitafuta Katavi, mkoa ulipo mji huo wa Mpanda.

Kwanza, chagua mwaka

Hadithi inayoanza na "hapo zamani" haifai hapa. Riwaya ya kihistoria inataka mwaka, maana mwaka ndio utakaokwambia shujaa wako amevaa nini, analipwa kwa fedha gani, na akitaka kumkimbia mkwe atapanda nini. Katavi ina nyakati tatu ambazo pori lilifunguliwa kwa kishindo. Shika mmoja.

Wakati wa kwanza ni wa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo hapo kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka huohuo tembo wanne wa kufugwa kutoka India walishushwa Msasani ili ijaribiwe kama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi muda mrefu. Aliyewaongoza, Kapteni Carter, aliuawa Mpimbwe mwezi Juni 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead, katika vita vya Mtemi Mirambo wa Unyamwezi. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mapadre Weupe. Kwa uhondo, miaka hiyo haina mpinzani. Lakini mwandishi anayeanza nitamshauri aikwepe. Kumbukumbu zake nyingi ziko kwa Kifaransa, na utumwa umetanda kila mahali. Mapenzi kati ya mateka na aliyemteka si mahaba hata ukiyapamba vipi, na msomaji wa leo hatakuvumilia.

Wakati wa pili ni wa reli na mgodi, na huu ndio ninaoupigia debe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi pale Mukwamba, karibu na Mpanda, pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo. Kwa ajili yake serikali ya Mwingereza ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, karibu kilomita 210 za miyombo na mbung'o, likakamilika mwaka 1950. Miaka hiyohiyo, jirani kule Urambo, mradi wa karanga ulikuwa ukimeza mapesa na kutoa hasara. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Tazama umbo hilo: treni inaingia, watu wanajazana, mgodi unafungwa, treni inawasubiri wanaotaka kuondoka. Historia imekupangia sura za riwaya bila malipo.

Wakati wa tatu ni wa miaka ya 1970 na 1980. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, kwa wakimbizi waliotoroka mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Familia zilipewa kipande cha pori zikaanza kufyeka. Wakati huohuo Wasukuma walikuwa wakishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao hadi Mpimbwe na bonde la Rukwa, mikokoteni ikilia nyuma. Hawa ndio makauboi wa kweli wa hadithi hii, ila kofia si lazima na farasi hamna. Mkimbizi alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi. Sasa mweke binti wa Katumba ampende kijana mchunga ng'ombe wa nje ya makazi, na kila wanapotaka kuonana pawepo karatasi ya kugongwa mhuri. Hapo huhitaji jambazi wa kubuni.

Mshenga yuko wapi?

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, na ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi.

Katika riwaya ya mahaba ya Kimarekani, kizuizi kikubwa huwa ndani ya wapenzi wenyewe: mwanamume ana kiburi, mwanamke ana kidonda cha zamani. Kwetu ndoa ni jambo la koo mbili. Kuna posa, kuna mshenga, kuna mahari, kuna shangazi wa kumfunda bibi harusi, kuna wajomba wa kununa wasiposhirikishwa. Mchukue sasa kijana aliyefika Mukwamba mwaka 1951 akitokea Unyanyembe, na mwanamke aliyeshuka kutoka Ufipa. Wote wawili hawana hata shangazi mmoja ndani ya mwendo wa siku tatu. Nani atapeleka posa? Apelekewe nani? Mahari ikilipwa, ataipokea nani, na mume akija kumpiga mkewe, nani atamwita kikaoni?

Maswali hayo ndiyo mpango wa kisa chako. Kila jibu linazaa sura. Kijana anaweza kumwomba nyapara awe baba yake wa kupanga. Nyapara akakubali, naye akawa na sababu zake. Mwanamke anaweza kupata "mama" kwa muuza pombe wa jirani, ambaye hajawahi kumwozesha mtu na anaogopa kukosea. Padre anaweza kuombwa awe shahidi, akataka kwanza barua kutoka parokia ya kwao, na barua ikachukua miezi. Watani nao wapo: Wanyamwezi walisambaza utani kwenye njia zote za misafara, na mtani ana ruhusa ya kusema hadharani lile ambalo ndugu angelimeza. Mtani mmoja mwenye mdomo mchafu na moyo mweupe anaweza kukubebea nusu ya kitabu.

Aniceti Kitereza alilijua jambo hili mapema. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, inasukumwa na mume anayemfuata mkewe kwa wakwe waliomchukua binti yao. Deni la ukweni linatosha kuendesha mamia ya kurasa. Isome kabla hujaandika, uone jinsi mapenzi makubwa yanavyoweza kusimuliwa kupitia chakula, pombe, kilimo na adabu ya kukaa ukweni. Halafu jiulize: wakwe wakiwa hawapo, adabu hiyo inahamia wapi?

Lipo na jibu jingine: wapenzi wakaamua kukaa tu, bila posa wala padre. Kambi za migodi zilijaa ndoa za namna hiyo. Usizihukumu haraka wala usizisifu. Onyesha gharama: mtoto akizaliwa atakuwa wa ukoo gani? Mume akiangukiwa na mwamba, nani atamiliki baiskeli yake na akiba yake? Hapo ndugu wasioonekana miaka yote hushuka kwenye treni wiki mbili baada ya mazishi.

Kazi ndiyo chumba cha mapenzi

Wapenzi wa mahali papya hawana muda wa kutazama machweo. Wapatie kazi, na waache wapendane wakiwa wanaifanya. Kwa hiyo ijue kazi hiyo.

Chukua mrina asali wa Inyonga, Mkonongo. Anatafuta mti wa mtundu ulionyooka, anakata gome kulizunguka shina juu na chini, anapasua mstari mmoja wima, kisha analibandua polepole lisipasuke hadi litoke zima kama bomba. Anazikutanisha kingo, anazibana kwa vijiti au kuzishona kwa kamba za gome, anaziba ncha mbili kwa vifuniko, anapandisha mzinga juu ya mti mwingine. Mti uliobanduliwa hufa. Kazi hiyo humweka porini kwa wiki nyingi, mbali na mke. Mwandishi mvivu ataandika "alikwenda kurina asali" akaendelea. Wewe andika mikono ya mke mdogo inayoshikilia gome wakati mume anashona, siku pekee aliyoruhusiwa kumfuata kambini, na jinsi wasivyosemeshana kwa sababu wote wanaogopa gome kupasuka. Huo ni ukurasa wa mapenzi.

Mgodini vilevile. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaozunguka Mpanda hadi leo watakufundisha msamiati: duara, matimba ya kuzuia kuta, mialo ya kuoshea, marudio, zebaki. Ila chunga, maana mgodi wa Mukwamba ulikuwa wa kampuni, wenye mashine, wahandisi na daftari la mishahara. Usimweke shujaa wako wa 1952 akisimamia karasha lake mwenyewe la kusaga mawe.

Na wanawake wafanye kazi zenye pesa. Kwenye kambi yoyote ya wanaume, anayepika ndiye mwenye benki. Jaribu kuanza hivi:

"Kaka Masanja, hiki kikombe cha tatu hujalipa."

"Nitalipa mwisho wa mwezi, dada Tabu."

"Mwezi uliopita ulisema hayohayo. Au unataka nikufuate kazini nikudai mbele ya nyapara?"

"Ukija, watu watasema umenifuata mimi, si deni."

Tabu akafunika sufuria ya uji. "Basi lete hela leo, wakose la kusema."

Hakuna aliyetamka "nakupenda", na msomaji keshajua. Angalia pia wanavyoitana. "Kaka" na "dada" ni adabu ya wageni wasiojuana koo. Siku Masanja atakapomwita "mama Tabu" mbele ya watu, au kwa jina tupu wakiwa peke yao, kitu kimebadilika na huna haja ya kukieleza. Ukiwaandikia "mpenzi" na "laazizi" tangu sura ya pili, umeshamaliza risasi zako.

Kuhusu chumbani, uamuzi ni wako na wa mchapishaji wako. Maoni yangu: Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kufumba, utumie. Mlango ufungwe, taa ya chemli ipunguzwe, asubuhi majirani waone moshi unatoka jikoni mwa mtu ambaye siku zote hupika kwa wengine. Lakini lisilofumbwa ni ridhaa. Kwa Wasukuma palikuwa na desturi ya chagulaga, vijana kumzunguka binti usiku na kumshikilia achague mmoja wao, na imelaaniwa sana. Ukiandika juu ya vijana wachunga ng'ombe wa miaka ya 1970, huwezi kujifanya hukuisikia. Usiigeuze kuwa ngoma ya kimahaba. Mwonyeshe binti anavyohesabu nyuso na kutafuta njia ya kupita, na yule kijana aliyekataa kusimama kwenye duara hilo msomaji atamkumbuka.

Pori halikuwa tupu

Dhambi kubwa ya hadithi za kauboi ni kuwaandika wenyeji wa Marekani kana kwamba ni sehemu ya vichaka. Usiirudie. Kabla ya reli kulikuwa na Wabende na Watongwe upande wa ziwa, Wapimbwe kusini, Wakonongo upande wa Inyonga, kila mmoja na watemi wake, makaburi yake na njia zake za uwindaji. Katika Hifadhi ya Katavi upo mkwaju karibu na Ziwa Katavi ambako watu wamekuwa wakiacha sadaka kwa ajili ya Katabi, yule mwindaji ambaye eneo lilichukua jina lake. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1974, na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471, mwindaji wa jana aliitwa jangili leo. Mtu huyo ana mke, ana shemeji, ana mchumba wa zamani aliyeolewa na askari wa wanyamapori. Mtafute.

Mandhari nayo ifanye kazi, isikae ukutani. Masika hukata barabara, basi wapenzi hutenganishwa na mto. Kiangazi kikikolea, viboko wa Mto Katuma hubanana kwenye dimbwi la matope kwa mamia, wakigombana usiku kucha. Mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita, ndiye aliyeamua wapi ng'ombe wataishi na wapi watakufa, na kwa hiyo nani anaweza kulipa mahari ya ng'ombe na nani hawezi. Mfugaji aliyepoteza kundi njiani amepoteza na mchumba. Hilo halikutokana na mtunzi. Nzi ndiye aliyelipanga.

Mitego ya tarehe

Haraka haraka, kwa kuwa haya yanarekebishika. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Shujaa wa 1950 aliishi Jimbo la Magharibi, lenye makao makuu Tabora. Redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, kwa hiyo kabla ya hapo wape santuri. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, usiwape wafanyakazi kadi zake kabla ya siku hiyo. Meli ya Liemba ilikuwa inatembea ziwani tangu 1927 na inafaa sana kwa kumleta mtu Karema usiku. Migebuka na dagaa wa ziwani walete kwa gunia. Bodaboda hamna. Pesa ni shilingi na senti. Na watu wa mwisho wa reli hawazungumzi Kiswahili cha Dar: Mfipa, Mnyamwezi, Muha na Mbende kila mmoja anakipinda kidogo kwake, lakini usimkejeli yeyote kwa lafudhi yake. Neno moja la kilugha katika ukurasa linatosha, na liwe ambalo mwenyewe umelithibitisha kwa msemaji wake.

Watu wa kweli na watu wa kubuni

Utakutana na watu wa historia wanaotamanisha. Adrian Atiman ni mmoja. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, akamwoa Agnes Wansahira, binti wa Kibende, akatibu watu hapohapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Kijana aliyevuka bara zima, asiye na baba wala mjomba wa kumpelekea posa, anaomba mke ugenini: ni lile swali la mshenga kabisa. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha simulizi yake mwenyewe katika miaka ya 1940, itafute.

Lakini usimfanye Atiman mwenyewe kuwa mpenzi katika riwaya yako ukamwekea maneno ya faraghani mdomoni. Ana uzao na ana heshima yake Karema. Buni mganga mwingine, kituo kingine, ukope mazingira. Atiman anaweza kupita katika sura moja akiwa mzee mwenye mkoba wa dawa, akatoa jino la mtu, akaondoka. Kanuni hiyohiyo itumie kwa watemi na mapadre. Mabaya yote wabebeshe watu uliowabuni.

Kwa utafiti wa karatasi, nenda Idara ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uulizie vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Maofisa wa wilaya waliandika humo habari za watemi, mila za ndoa na hali ya mahari. Wasome kwa jicho kavu, kwa sababu waliandika walichoambiwa na wanaume waliokaa barazani. Wanawake wako hutawapata humo. Halafu panda treni ya Tabora hadi Mpanda, upite Kaliua na Mto Ugalla ukiwa umekaa dirishani, usiende kwa ndege. Daftari lako litajaa majina ya vituo, bei za mahindi ya kuchoma, na sauti ya mama anayemwamsha mtoto usiku wa manane kwamba wamefika.

Namna ya kumaliza

Riwaya ya mahaba ina ahadi moja kwa msomaji: wapenzi watamaliza wakiwa pamoja. Ukiwaua, umeandika kitu kingine. Kinaweza kuwa kizuri, lakini usikiuze kwa jina hili. Mgodi wa Mukwamba unakusaidia. Mwaka 1960 kazi imekwisha, nyumba za kampuni zinatakiwa zirudishwe, gari moshi liko stesheni. Kaka yake Masanja amekuja kutoka Tabora na nauli ya mmoja tu. Masanja anataka kurudi kwa ng'ombe wa babake. Tabu ana mihogo shambani isiyokomaa na mteja ambaye bado hajalipa uji. Wabaki au waondoke, uamuzi uwe umetokana na mambo tuliyoyaona tangu sura ya kwanza: deni, posa ambayo haijapelekwa, shamba. Na ile posa ipelekwe hatimaye, hata kama imechelewa miaka tisa na watoto wawili wanasimama mlangoni wakiitazama.

Kabla ya hayo yote, fanya jambo moja ambalo haliwezi kusubiri. Msichana aliyekuwa na miaka 15 treni ilipofika Mpanda mwaka 1950 sasa ni bibi anayekimbilia miaka tisini au ameshaipita. Nyaraka zitakungoja, yeye hana muda huo. Mwulize aliolewaje, nani alipeleka posa, na alipika nini siku hiyo. Nenda mwezi huu.